Utafiti katika programu ya heshima: nianze lini, na nimwendee nani?

Mwanabaiolojia_Mwaka2

Ndugu zangu, salaam. Ninasoma mwaka wa pili wa shahada ya kwanza ya baiolojia katika chuo kikuu cha umma nchini Marekani, na muhula huu nimekubaliwa kwenye programu ya heshima, ile inayowachukua wanafunzi wenye ufaulu wa juu, kuwapa semina ndogo na mshauri wao, kisha kuwataka waandike tasnifu na kuitetea mbele ya kamati ya walimu kabla ya kuhitimu. Ukiitazama ratiba, tasnifu iko mbali, mwaka wa nne. Lakini walionitangulia wananiambia kwamba anayengoja mpaka mwaka huo ndipo atafute msimamizi huishia kuandika juu ya chochote atakachopewa, na mimi sitaki tasnifu ya namna hiyo.

Nimewaandikia maprofesa kadhaa wa idara yetu na hakuna aliyenijibu. Barua pepe niliyotuma, nikiileta kwa Kiswahili, ilisema hivi: "Mheshimiwa Profesa, mimi ni mwanafunzi wa programu ya heshima mwenye wastani wa juu wa alama na nina hamu kubwa ya kufanya utafiti. Ningependa kujiunga na maabara yako ili nipate uzoefu utakaonisaidia kuomba masomo ya uzamivu. Niko tayari kufanya kazi yoyote. Nimeambatanisha wasifu wangu."

Naomba ushauri wa waliopita njia hii. Je, mwaka wa pili ni mapema mno? Nikipata nafasi, nichukue krediti, yaani vipimo vya masomo vinavyohesabiwa kwenye shahada, au malipo? Na zile programu za utafiti za kiangazi, mbona nyingi ninazoziona zinataka uraia wa Marekani, ilhali mimi niko kwa viza ya mwanafunzi? Natanguliza shukrani.

Uzamivu_Seli

Mdogo wangu, hongera kwa kukubaliwa. Niko kwenye masomo ya uzamivu katika baiolojia ya seli, na katika maabara yetu sisi wanafunzi wa uzamivu ndio tunaokaa na wanafunzi wa shahada ya kwanza siku kwa siku, kwa hiyo nitakujibu kutoka upande huo wa meza ya maabara.

Si mapema mno. Mwaka wa pili ndio wakati wenyewe, hasa kwa fani yetu. Muhula wa kwanza mwanafunzi hajifunzi sayansi mpya, anajifunza mikono. Kwetu, mgeni huanza kwa kupima maji kwa pipeti, kifaa cha kunyonya na kupima vimiminika vidogo, juu ya mizani. Mikrolita 100 za maji zinapaswa kuwa na uzito wa gramu 0.1, naye hurudia kipimo hicho hadi namba za kwenye mizani ziache kuyumba, kisha anashuka hadi mikrolita 10, kisha 2, ambako hata kuzamisha ncha ya pipeti kwa kina kupita kiasi kunabadilisha jibu. Kazi hiyo inaonekana ya kitoto, lakini asiyeipitia vizuri atakaa muhula mzima akijiuliza kwa nini majaribio yake hayafanani na ya jana. Muhula wa pili atarudia majaribio ambayo wengine wameshayafanya, ili ajulikane kwamba matokeo yake yanaaminika. Ni muhula wa tatu ndipo anapoweza kupewa swali lake, na swali hilo nalo litagoma mara nyingi kabla ya kutoa jibu. Hesabu mwenyewe uone mwaka wa nne unafika lini.

Sasa tuje kwenye barua yako, kwa sababu nadhani ndiyo inayokuangusha. Kila sentensi ndani yake inakuhusu wewe: alama zako, hamu yako, uzoefu utakaoupata, masomo utakayoyaomba baadaye. Hakuna neno linaloonyesha kwamba unamjua unayemwandikia au kazi anayoifanya, na barua hiyo hiyo ingeweza kupelekwa kwa profesa wa fani yoyote bila kubadilishwa chochote ila jina. Ile sentensi ya "niko tayari kufanya kazi yoyote" najua umeiandika kwa unyenyekevu, lakini profesa akiisoma anaona ameongezewa mzigo, kwamba ni yeye sasa aketi na kukutafutia kazi.

Chagua maabara chache, usome makala moja ya karibuni ya kila moja, uisome kweli, pamoja na michoro yake, kisha uandike barua fupi inayoanzia hapo. Kwa mfano: "Nimesoma makala yenu kuhusu jinsi bakteria wanavyojijengea utando juu ya nyuso ngumu. Nimejiuliza kwa nini jaribio la mchoro wa tatu lilifanywa kwenye nyuzi joto 30 badala ya 37, na kama utando ungekuwa mwembamba zaidi katika joto la mwili." Huhitaji swali la kumshangaza profesa. Unahitaji swali linaloonyesha kwamba umefika hadi mchoro wa tatu. Halafu umwambie mambo anayoyahitaji ili aamue: una saa ngapi kwa wiki, siku zipi huna masomo mchana mzima, na kwamba unakusudia kukaa mpaka utetee tasnifu yako.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko unavyodhani. Kuwa katika programu ya heshima peke yake hakumvutii profesa, maana wanafunzi wenye alama za juu ni wengi. Kinachomvutia ni sharti lenu la tasnifu. Mwanafunzi wa kawaida anaweza kuondoka baada ya muhula mmoja, mara tu alipoanza kufaa. Wewe una sababu ya kukaa minne. Liseme waziwazi.

Jambo la mwisho ni kumwangalia mtu kabla ya jina la maabara. Uliza: nani atanifundisha kila siku? Mara nyingi hatakuwa profesa, atakuwa mwanafunzi wa uzamivu au mtafiti aliyekwisha kumaliza uzamivu wake. Omba kuhudhuria mkutano mmoja wa maabara kabla ya kukubali, ukae nyuma, uangalie kama mdogo kuliko wote pale chumbani anauliza maswali na namna anavyojibiwa. Watafute pia wanafunzi wa shahada ya kwanza waliowahi kuwa hapo, uwaulize kama waliandika tasnifu zao hapo hapo au walihama. Mimi ningechagua swali la kawaida lenye mwongozaji mwema kuliko swali kubwa lenye mtu asiyeonekana.

Mwanaisimu

Naomba radhi kwa kujiingiza kwenye mada ya mwenzangu. Nami niko kwenye programu ya namna hiyo hiyo, ila ninasoma isimu na historia. Kila mkutano wa utambulisho tunaofanyiwa unazungumzia maabara tu, mpaka naanza kuhisi kwamba utafiti si wetu. Ninataka tasnifu yangu ihusu jinsi watoto wa familia zilizohamia hapa wanavyochanganya lugha ya wazazi na Kiingereza wanapozungumza nyumbani, na ningependa kurekodi mahojiano. Idara inaniambia nitafute mada mwenyewe halafu nirudi. Je, kwetu sisi mtu anaanzia wapi?

Mkutubi_Mhitimu

Ndugu Mwanaisimu, hukujiingiza; swali lako ni sehemu ya swali lile lile. Nilihitimu katika programu ya heshima nikiwa nimeandika tasnifu ya historia, na sasa ninafanya kazi katika maktaba ya chuo kikuu, ambako wanafunzi kama wewe hunijia kila muhula.

Kwanza usikubali wazo kwamba utafiti si wenu. Programu hizi za Marekani zina mizizi miwili, kwa jinsi ninavyoitazama. Mmoja uko chuo cha Swarthmore, ambako mwaka 1922 rais wa chuo, Frank Aydelotte, aliyekuwa amesoma Oxford, alianzisha utaratibu wa wanafunzi wachache kuacha mihadhara ya kawaida katika miaka yao miwili ya mwisho, wakasoma kwa semina ndogo na kazi ya kujitegemea, kisha wakatahiniwa na watahini kutoka nje ya chuo. Huko kiini kilikuwa kusoma, kuandika na kujenga hoja mbele ya wanaojua. Mzizi wa pili uko MIT, Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, ambako mwaka 1969 Margaret MacVicar alianzisha mpango wa kumweka mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti halisi pamoja na mwalimu wake, kwa krediti au kwa malipo. Tasnifu mnayodaiwa inatoka zaidi kwenye mzizi wa kwanza, na maabara mnazosikia zikisifiwa zinatoka kwenye wa pili. Fani zetu zilikuwemo tangu mwanzo.

Tofauti iliyopo ni ya kiutendaji. Profesa wa historia au isimu mara nyingi hana kundi la kukupokea. Anafanya kazi peke yake ofisini, na hana pipeti ya kukukabidhi. Kwa hiyo usimwendee ukiomba "nafasi", mwendee ukiwa na kazi ndogo inayoweza kumsaidia na kukufundisha: kunakili rekodi za mahojiano aliyokwisha kufanya, kupanga faharasa ya kitabu anachokiandika, kutafsiri nyaraka. Wewe unayejua Kiswahili una kitu ambacho wenzako wengi hawana. Maktaba ya Herskovits katika chuo kikuu cha Northwestern, iliyoanzishwa mwaka 1954 kwa ajili ya masomo ya Afrika, ina hazina ya maandishi ya lugha za Kiafrika, na vyuo vingine navyo vina mikusanyo ambayo haijapata wasomaji wa kutosha kwa sababu tu wasomaji wa lugha zenyewe ni wachache. Muulize mkutubi wa masomo ya Afrika wa chuo chako ni makasha gani hayajaorodheshwa vizuri. Nimeona tasnifu nzuri zikianzia kwenye swali hilo.

Ama kuhusu mahojiano, hapa nakuomba uwe mwangalifu sana. Kabla ya kumuuliza mtu yeyote swali la kwanza kwa ajili ya utafiti, peleka mpango wako kwa kamati ya chuo inayopitia utafiti unaohusisha binadamu. Sheria hiyo haikutungwa kuwasumbua wanafunzi. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, katika utafiti wa Tuskegee huko Alabama, mamia ya wanaume weusi waliokuwa na kaswende waliachwa bila tiba ili madaktari waangalie ugonjwa unavyokwenda, hata baada ya penisilini kupatikana, na hawakuambiwa ukweli. Aibu hiyo ndiyo iliyochangia Bunge la Marekani kupitisha sheria ya utafiti mwaka 1974, na Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979 ikaweka misingi mitatu ambayo kamati hizi huiangalia hadi leo: kumheshimu mtu na uamuzi wake, kumtendea mema bila kumdhuru, na kugawa mizigo na faida za utafiti kwa haki.

Kamati inaweza kuamua kwamba kazi yako ina hatari ndogo na haihitaji mapitio marefu. Masharti ya shirikisho yaliyorekebishwa na kuanza kutumika mwaka 2019 yanataja historia simulizi, uandishi wa wasifu na uhakiki wa fasihi kuwa nje ya maana ya utafiti unaodhibitiwa, pale taarifa zinapokusanywa kuhusu watu mahususi wanaozungumzwa. Lakini kazi yako ya isimu inatafuta mwenendo wa jumla wa lugha, na inawagusa watoto, ambao ridhaa yao inaambatana na ruhusa ya wazazi. Mwenye mamlaka ya kuamua iko kundi gani ni kamati, wala si wewe wala msimamizi wako. Na kamati haitoi idhini kwa mahojiano yaliyokwisha kufanyika. Nimemwona mwanafunzi mwenye rekodi nzuri mno akilazimika kuziweka kando zote na kuanza upya, mwezi wa pili wa muhula wake wa mwisho. Iombe mapema, mwaka wa tatu, ukiwa tayari na hojaji yako na karatasi ya ridhaa iliyoandikwa kwa lugha ambayo mzazi anaisoma bila mkalimani.

Mshauri_wa_Wageni

Nimefanya kazi ya kuwashauri wanafunzi wa kimataifa katika vyuo vya Marekani, kwa hiyo nitagusa swali la viza na fedha ambalo wenzangu wameliacha.

Programu za kiangazi unazoziona, Ndugu Mwanabaiolojia, nyingi ni zile zinazofadhiliwa na Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani tangu mwaka 1987. Kituo kimoja huchukua takriban wanafunzi kumi, huwapa posho, na kazi huchukua wiki 10 hivi. Fedha hizo zinaweza kumlipa raia wa Marekani au mwenye ukaazi wa kudumu tu, na kituo hakina uwezo wa kubadilisha sharti hilo hata kikikupenda namna gani. Ufadhili wa Goldwater, unaowalenga wanafunzi wa sayansi, uhandisi na hisabati wa mwaka wa pili na wa tatu, una sharti la namna hiyo hiyo. Sikwambii haya kukukatisha tamaa. Nakwambia ili usitumie likizo nzima kujaza fomu ambazo haziwezi kukufaa. Vituo vichache vina fedha nyingine pembeni kwa wanafunzi wa kimataifa, na njia ya kujua ni kumwandikia mratibu swali la mstari mmoja kabla ya kuomba.

Mlango ulio wazi zaidi kwako ni chuo chako mwenyewe. Programu nyingi za heshima zina ruzuku ndogo za utafiti kwa wanafunzi wao, za kununulia vifaa, kusafiri kwenda kwenye nyaraka, au kuishi chuoni wakati wa kiangazi, na mara nyingi fedha hizo za ndani haziulizi uraia. Huwa hazitangazwi kwa kelele. Mfuate mshauri wa programu ana kwa ana, umuulize tarehe ya mwisho ya kuomba ruzuku za kiangazi, maana kwa kawaida inapita miezi kadhaa kabla ya kiangazi chenyewe.

Kwa viza ya F-1, ndiyo viza ya mwanafunzi, unaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki muhula unapoendelea, na saa zaidi wakati wa likizo. Mshahara wa maabara unahesabiwa humo. Kama tayari unafanya kazi saa 12 maktaba, maabara imebakiwa na 8, na kuzidisha hata kidogo ni jambo la hatari kwa hadhi yako ya kisheria. Ukipata nafasi ya utafiti nje ya chuo, kwa mfano katika hospitali au kampuni, utahitaji kibali cha mafunzo kwa vitendo kinachohusishwa na masomo yako. Kwa kawaida hakipatikani kabla ya kumaliza mwaka mmoja wa masomo ya muda wote, na ni lazima kiwe mkononi kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Usiseme "nitajitolea bure kwanza" bila kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, kwa sababu kufanya bure kazi ambayo wengine hulipwa kunaweza kuhesabiwa kuwa ni ajira. Ujue pia kwamba sehemu ya posho isiyolipia karo na vitabu inaweza kukatwa kodi, na kwa mgeni wa kikodi, yaani asiyehesabiwa mkaazi wa Marekani kwa ajili ya kodi, mwenye viza ya F-1, kiwango cha kawaida cha makato hayo ni asilimia 14, isipokuwa kama kuna mkataba wa kodi kati ya nchi yako na Marekani. Wengi hushtuka wanapoona posho imepungua, wakati walikwisha kulipa kodi ya chumba kichwani mwao.

Krediti au malipo? Msimamo wangu ni huu, na najua wapo maprofesa wasioupenda: mahali ambapo malipo yapo, chukua malipo. Krediti ni halali na zina faida, kwa kuwa zinaonekana kwenye hati ya matokeo na zinakulinda muda wako ndani ya ratiba. Lakini krediti za kiangazi mara nyingi zinalipiwa karo, yaani unalipa ili ufanye kazi. Utaratibu wa kazi ya bure humfaa mwanafunzi ambaye nyumbani kwao wanaweza kumlipia kila kitu, na humwacha nje yule anayelazimika kufanya kazi jioni ili ale. Kama programu yako inadai utafiti kwa kila mwanafunzi, ina wajibu wa kutafuta fedha za kuwawezesha wote, na wewe una haki ya kuliuliza hilo kwa adabu. Vyuo vingi havikuruhusu kupata krediti na malipo kwa saa zile zile, kwa hiyo waweza kuanza kwa krediti muhula wa kwanza unapojifunza, kisha uombe malipo unapoanza kufaa.

Fizikia_Mhitimu

Nimesoma majibu yote na nakubaliana na mengi, lakini naomba nipingane kidogo na Ndugu Uzamivu_Seli. Amesema afadhali swali la kawaida lenye mwongozaji mwema. Kwa mwanafunzi anayetafuta uzoefu tu, sawa. Kwa mwenye sharti la tasnifu, haitoshi. Kamati haitamuuliza kama msimamizi wake alikuwa mwema; itamuuliza swali lake lilikuwa nini na yeye mwenyewe alifanya nini. Nimeketi kwenye utetezi ambako mwanafunzi alieleza vizuri kazi yote ya kundi, kisha alipoulizwa ni sehemu gani aliyoiamua yeye, akanyamaza.

Katika fani yangu jambo hili ni kali zaidi. Makala iliyotangaza kugunduliwa kwa mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga inayotokana na miili mizito sana, mwezi Februari 2016 ilikuwa na waandishi zaidi ya 1,000. Mwanafunzi anaweza kuwa na jina katika orodha ya namna hiyo, na hilo peke yake lisimwambie msomaji chochote kuhusu alichokifanya. Kinachobaki ni kipande chake: kichujio cha data alichokiandika kwa kompyuta, kelele aliyoitambua chanzo chake katika data, kipimo alichokirudia mpaka akakiamini.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa Mwanabaiolojia ni kwamba, ukifika mwisho wa muhula wa pili katika maabara, uombe kikao na profesa, si na mwongozaji wako wa kila siku tu, na mkubaliane kwa maandishi mafupi mambo haya: swali gani ni lako, data gani utaruhusiwa kuitumia kwenye tasnifu, na itakuwaje mwanafunzi wa uzamivu unayemsaidia akichapisha matokeo hayo kabla yako. Uliza pia kama tasnifu itawekwa wazi kwenye hifadhi ya maktaba mara moja au itafungwa kwa muda, maana maabara nyingine hazitaki matokeo yaonekane kabla ya makala kutoka. Ukurasa mmoja unatosha. Kikao hicho hakionyeshi kutoaminiana. Profesa mzuri atafurahi kwamba umefikiria, na asiyetaka kujibu maswali hayo amekupa jibu.

Nyongeza moja: usiogope swali ambalo jibu lake laweza kuwa "hapana". Tasnifu inayoonyesha kwa uangalifu kwamba athari iliyotarajiwa haionekani ni tasnifu kamili, mradi umeonyesha kipimo chako kingeiona kama ingekuwepo.

Uzamivu_Seli

Ndugu Fizikia, hoja yako naipokea, na hasa hilo la kikao cha muhula wa pili ambalo sikulitaja. Bado nashikilia kwamba mpangilio wa mambo ni mtu kwanza, swali baadaye, kwa sababu mwanafunzi wa mwaka wa pili hana njia ya kujua swali lipi ni zuri mpaka awe na mtu wa kumwonyesha. Lakini ni kweli kwamba ukaribu wa mwongozaji unaweza kumlewesha mtu akasahau kudai swali lake. Sisi waongozaji nasi tuna kishawishi cha kumgeuza mwanafunzi mwenye mikono mizuri kuwa fundi wetu, na njia ya kumlinda ni hiyo uliyoitaja.

Mwanabaiolojia, niongeze jambo moja dogo linaloambatana na hilo: andika daftari la maabara kama mtu atakayelisoma hakujui. Tarehe, namba ya chupa ya kemikali, joto, ulichobadilisha na kwa nini. Mwaka wa nne, sura ya mbinu ya tasnifu yako itakuwa imeshaandikwa humo, na likitokea swali la nani alifanya nini, daftari ndilo shahidi wako.

Mwanabaiolojia_Mwaka2

Kaka na dada zangu, nawashukuru sana. Nimemwona mshauri wa programu na nimeambiwa kwamba ruzuku za kiangazi zipo na ziko wazi kwa wanafunzi wa kimataifa, ila ombi linataka sahihi ya msimamizi, kwa hiyo msimamizi lazima atangulie. Nimeandika upya barua kwa maabara mbili tu. Moja yao inachunguza jinsi bakteria wa udongo wanavyoshindana kwa madini ya chuma, na barua yangu sasa inaanza hivi: "Katika makala yenu ya karibuni mmeonyesha kwamba bakteria wasiotengeneza molekuli ya kunasa chuma wanaweza kuishi kwa kutumia zilizotengenezwa na majirani zao. Nimejiuliza kama hali hiyo inadumu pale chuma kinapopungua sana, au majirani nao hushindwa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nina mchana wa Jumanne na Alhamisi bila masomo, na programu yangu inanitaka niandike tasnifu, hivyo natarajia kukaa hadi nitakapohitimu. Je, ninaweza kuhudhuria mkutano mmoja wa maabara yenu nikisikiliza tu?"

Nina swali moja lililobaki. Nikiingia, kisha baada ya muhula nikaona pale si mahali pangu, je, kuhama kutaniharibia?

Uzamivu_Seli

Barua hiyo ningeijibu siku hiyo hiyo. Usibadilishe kitu, ila ungeongeza mstari mmoja kueleza masomo ya maabara uliyokwisha kuyafanya.

Kuhama baada ya muhula mmoja hakuharibu kitu, mradi uage vizuri: umwambie profesa mwenyewe uso kwa uso, umalize jaribio ulilolianza, na uache sampuli zako zote zikiwa na lebo zinazosomeka, pamoja na ukurasa unaoeleza kila kisanduku kiko wapi ndani ya friza. Kuhama baada ya mihula mitatu ndiko kugumu, kwa sababu mwaka wa nne utakuwa umefika na swali lako limebaki kwenye maabara uliyoiacha. Kama una shaka, iseme muhula wa kwanza.

Mshauri_wa_Wageni

Na kama nafasi yako ni ya kulipwa, ukihama pita ofisi ya ajira za wanafunzi ili mkataba wa kwanza ufungwe rasmi kabla wa pili haujaanza. Saa za kazi zote mbili zikionekana kwenye mfumo kwa wiki moja, zinajumlishwa, na kikomo cha saa 20 kinabaki pale pale.